Anayerudi na Arudishe

Ni nadra kupata kanisa, shule au chama cha akiba humu nchini ambacho hakijawahi kutikiswa na kisa cha fedha zilizokabidhiwa mtu kisha zikakosa kuonekana. Aghalabu mtu mwenyewe huwa si mgeni wala mhuni. Huwa ni mzee wa kanisa, mwalimu anayeheshimika, au mama aliyechaguliwa na kikundi kizima kwa mikono iliyoinuliwa juu. Habari zinapofichuka, waumini hugawanyika papo hapo. Kundi moja hudai mkosaji afukuzwe, atangazwe, na asiguse tena hata sahani ya sadaka. Kundi jingine hukumbusha kwamba sote tu wenye dhambi, kwa hivyo asamehewe, mambo yaishe na watu warudi kuimba. La kwanza huitwa kundi la wakali, la pili huitwa kundi la wapole, na mabishano baina yao huweza kudumu kuliko fedha zenyewe zilivyodumu.

Nionavyo, makundi haya mawili yanafanana kuliko yanavyodhani. Lile la wakali hufunga njia kabla mkosaji hajaanza safari; lile la wapole humfikisha mwisho wa safari bila ya kumwacha atembee. Yote mawili huiruka hatua ya katikati, na hatua hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini, kwani imani ya Kikristo, tukiisoma vizuri, haikuiruka kamwe.

Mimi si mchungaji wala mwanatheolojia. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mazoea ya kazi hiyo ni kuyapima maneno kabla ya kuwapima watu. Basi tuanze na neno amana. Kwa Mswahili, amana ni kitu alichokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Neno hili limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa amini, imani, uaminifu na amani. Msemaji wa Kiswahili anapoweka fedha za kikundi mikononi mwa mwenziwe, lugha yenyewe inamwambia kwamba ameweka pia imani yake humo, na kwamba fedha hizo zikipotea, amani nayo haitabaki. Kadhalika, maneno deni na dini, ambayo masikio yetu huyasikia kama mambo mawili yaliyo mbali, huandikwa kwa herufi zile zile tatu katika hati za Kiarabu. Na katika ile sala ambayo kila Mkristo huifahamu tangu utotoni, tafsiri ya Kiswahili inayosomwa na wengi hutumia neno deni katika Injili ya Mathayo, ilhali katika Injili ya Luka hutumia neno dhambi. Tunaposali, tunazungumza lugha ya daftari la mkopeshaji.

Lipo na neno toba. Asili yake ni kurudi. Anayetubu ni mtu aliyekuwa amekwenda njia nyingine, akageuka, akarejea. Sasa mwanafunzi wa shule ya upili aliyefunzwa mnyambuliko wa vitenzi anaweza kukitwaa kitenzi rudi akakinyambua: rudi, rudisha, rudishiwa. Katika vitenzi hivi vitatu imo safari nzima ya mtu aliyekula amana. Kwanza hurudi yeye mwenyewe, kwa kukiri. Pili hurudisha alichokitwaa. Tatu hurudishiwa, kidogo kidogo, imani ya wenzake. Wakali hawamruhusu arudi. Wapole wanataka arudi na arudishiwe siku hiyo hiyo, bila ya kurudisha. Kinachosahaulika ni kile kitenzi cha kati.

Mfano ulio bayana zaidi ni ule wa Zakayo. Jina hili limepata umaarufu wa ajabu nchini Kenya. Katika maandamano ya Juni 2024 ya kuupinga Mswada wa Fedha, vijana walimwita Rais William Ruto kwa jina hilo kwa sababu ya kodi, na barabara za miji yetu zikavuma sauti za kumwamuru Zakayo ashuke. Sina nia ya kuingia katika siasa za jambo hilo hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba tumekumbuka kupanda kwake na kushuka kwake tukasahau alichokisema miguu yake ilipogusa ardhi, na hicho ndicho kiini cha kisa.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru katika mji wa Yeriko, na alikuwa tajiri. Jina lake la Kiebrania lina maana ya mtu safi, na bila shaka majirani walikuwa wakilicheka. Luka anasimulia kwamba Yesu alimwita kutoka juu ya mkuyu na kumwambia kuwa angeshinda nyumbani mwake. Watu wakanung'unika. Hapo tuangalie mpangilio wa matukio, kwani mwandishi huyu hupanga mambo kwa uangalifu. Yesu hakumdai Zakayo hesabu kwanza. Alimkubali akiwa bado na fedha za watu mfukoni. Lakini Zakayo naye hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya watu akasema kwamba nusu ya mali yake angewapa maskini, na kila aliyemdhulumu angemrudishia mara nne. Baada ya maneno hayo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Kwa hivyo kule kurudisha hakukuwa bei ya kununulia msamaha. Mapokezi yalitolewa bure. Hata hivyo, aliyepokewa bure alijua mara moja kwamba hawezi kukaa mezani na mgeni wake huku mali ya wengine ikiwa kabatini. Tena tuzingatie kwamba alifungua hesabu mbili, hakuzichanganya. Sadaka kwa maskini ilikuwa hesabu moja. Malipo kwa waliodhulumiwa yalikuwa hesabu ya pili. Hakusema kwamba, kwa kuwa amewapa maskini nusu ya mali yake, basi wale aliowanyang'anya wamwelewe.

Laiti tungelizingatia hilo katika makanisa yetu! Tumezoea kuona mtu ambaye mali yake inatiliwa shaka na kijiji kizima akiingia kanisani na bahasha nene, akashangiliwa, akapewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Fedha alizowanyima wauguzi dawa, au wanafunzi madawati, humrudia Mungu kama mchango wa paa la kanisa. Mungu hakuibiwa mabati. Aliyeibiwa ni mgonjwa na mwanafunzi. Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mtu akikumbuka, akiwa tayari mbele ya madhabahu, kuwa nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale aende akapatane na nduguye kwanza. Madhabahu yanaweza kungoja. Aliyedhulumiwa amengoja vya kutosha. Tumeona kwamba kanisa linaweza kuukataa mchango likitaka. Mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza mchango ambao Rais alikuwa ameutoa katika kanisa la Soweto, Nairobi, urudishwe. Hoja haikuwa kwamba fedha zile ziliibwa, bali kwamba kanisa halifai kutumiwa kwa manufaa ya siasa. Lililo muhimu kwangu ni kwamba jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani liliwezekana.

Zakayo hakubuni kanuni yake hewani. Sheria ya Musa katika kitabu cha Kutoka ilimtaka mwizi aliyekutwa na mnyama hai arudishe mara mbili, na aliyekwisha kumchinja au kumuuza kondoo arudishe kondoo wanne kwa mmoja. Sheria zetu nazo zina mwangwi wa wazo hilo. Sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na ufisadi na makosa ya kiuchumi inamtaka aliyepatikana na hatia, ikiwa alinufaika kwa kiasi kinachohesabika au mwingine alipata hasara, atozwe faini ya ziada iliyo mara mbili ya faida au hasara hiyo. Mtunga sheria wa Nairobi na mtunga sheria wa jangwani wanakubaliana: haitoshi kuomba radhi.

Hapa wapole watauliza: je, Ukristo si dini ya msamaha? Ndiyo, tena msamaha usio na hesabu. Lakini swali la kuulizwa kwanza ni hili: anayesamehe ni nani, na anasamehe mali ya nani? Neno samehe limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya ukarimu. Kusamehe ni kutoa. Nami sijui namna mtu anavyoweza kuwa mkarimu kwa mali ya jirani yake.

Nitatoa mfano wa kikundi kimoja cha waumini nilichokuwa mwanachama wake, ambacho sitakitaja. Mweka hazina, mwanamume mpole aliyependwa na watu, alitumia shilingi 84,000 za mfuko wa mazishi kumlipia mwanawe karo. Alinuia kuzirudisha kabla ya mtu kujua, kama wanavyonuia wote. Kabla hajafanya hivyo, mume wa mama mmoja katika kikundi alifariki. Mama yule alipokuja kuomba msaada aliostahili, aliambiwa asubiri kidogo. Hakuwa na uwezo wa kusubiri, kwani maiti haisubiri. Akauza ng'ombe.

Mkutano wa kulijadili jambo hilo ulipoitishwa, waliosimama mwanzo walikuwa wapole. Mmoja baada ya mwingine walitamka kwamba wamemsamehe ndugu yao na kwamba tumwachie Mungu. Niliwatazama nikawaza kwamba kila mmoja wao alikuwa amepoteza mchango wake wa kila mwezi tu. Mjane alikuwa ameketi nyuma, kimya. Hatimaye mzee mmoja akamgeukia akamwuliza, "Na wewe mama, wasemaje?" Akajibu kwa sauti ya chini, "Mimi nimekwisha kumsamehe, baba. Lakini ng'ombe wangu hajarudi."

Mkutano mzima ulinyamaza. Baada ya hapo hatukuzungumza tena juu ya kufukuza wala kusahau. Tulikubaliana alipe shilingi 4,000 kila mwezi kwa miezi 21, na mjane awe wa kwanza kulipwa. Hakuondolewa katika kwaya, wala katika maombi, wala hakupelekwa polisi. Lakini daftari na ufunguo wa kisanduku vilikabidhiwa mtu mwingine. Alimaliza kulipa. Alipomaliza, wenzake walimchagua kuwa mmoja wa watu watatu wanaokagua hesabu, kwa hoja ya yule yule mzee kwamba hakuna aliyeijua mianya ya daftari lile kuliko yeye. Watu walicheka, naye akacheka nao. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyorudishiwa.

Kutokana na kisa hicho tunaona kwamba msamaha na amana ni vitu viwili. Msamaha huweza kutolewa kwa neno moja, usiku mmoja, hata kwa mtu ambaye hajauomba. Amana haitolewi kwa neno. Kiswahili kinalijua hilo: tunasema kwamba mtu anaaminika, na kiambishi kile cha -ik- kinaeleza hali iliyomo ndani ya mtu, hali ambayo kura zetu haziwezi kuitia. Tunaweza kuamua kumwamini mtu; hatuwezi kuamua kwamba anaaminika. Hilo ataliamua yeye kwa matendo yake, na muda ndio utakaolishuhudia. Ndiyo maana Yesu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia. Mtu aliyeanguka huanzishwa katika dogo. Hata Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu, aliulizwa mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alikabidhiwa kundi la kulichunga. Luka naye hatuambii kama Zakayo aliendelea na kazi ya kutoza ushuru. Labda aliendelea, labda la. Wokovu wake haukuwa na uhusiano wowote na kiti chake.

Hilo wangelisikia wakubwa wetu wanaoomba msamaha wa umma leo na cheo kesho! Mkristo hana budi kumsamehe aliyepora mali ya umma. Hana wajibu wowote wa kumpigia kura.

Baada ya kuwasuta wapole, haki yataka niwageukie wakali, kwani kosa lao halipungui uzito. Katika Injili ya Mathayo umo mfano wa mtumwa aliyewiwa na mfalme talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa sawa na takriban dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Deni lile, basi, lilikuwa dinari milioni 60. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulilipa. Mtumwa yule alisamehewa lote. Akatoka nje, akakutana na mwenziwe aliyewiwa dinari 100, yaani ujira wa miezi minne hivi, akamkaba koo na kumtia kifungoni. Msimuliaji hatuachi na shaka yoyote juu ya hasira ya mfalme. Anayekataa kumpa mwenziwe nafasi ya pili amesahau ni nafasi ya ngapi yeye mwenyewe anayoishi sasa.

Nawaza juu ya vijana wetu na madeni ya simu. Tangu mwaka 2012, mkopo wa M-Shwari ulipoanza, Mkenya ameweza kukopa akiwa kitandani, bila ya kutazamana na mtu. Mababu zetu walisema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Leo harusi huchukua dakika moja. Wengi walikopa kununua unga, wengine kulipa nauli, wengine kucheza kamari, na wote wakaandikwa pamoja katika kumbukumbu za wadeni wabaya katika yale mashirika yaitwayo CRB. Hadi mwaka 2020, Benki Kuu ilipoweka kiwango cha chini, mtu aliweza kuharibiwa jina kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Kijana wa namna hiyo hufungiwa mlango wa mkopo wa maana hata akiwa na mradi mzuri, na mara nyingine mlango wa kazi pia. Huyu si mwizi. Kumtendea kama mwizi ni kumkaba koo kwa dinari 100.

Kwa bahati nzuri, safari hii wakubwa walikumbuka mfano huo, wawe waliusoma au hawakuusoma. Mwezi Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango uliowahusu wakopaji zaidi ya milioni 4.2 wa mikopo ya simu, waliodaiwa kiasi cha shilingi bilioni 30. Benki zilitakiwa kuwapunguzia angalau nusu ya deni, na majina yao yaondolewe doa, nao walipe kilichosalia kufikia mwisho wa Mei 2023. Mtu anaweza kubishana kuhusu mpango huo kama sera ya fedha. Lakini umbo lake ni sahihi: mlango ulifunguliwa, na aliyeingia alitakiwa aje na kitu mkononi. Kurudi na kurudisha vilikwenda pamoja.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, jambo hili haliko mbali. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na fedha zinazolipwa na waliokwisha kuhitimu hutumika kuwakopesha wanaofuata. Aliyehitimu, akapata kazi nzuri, akaamua kujificha, asijidanganye kwamba anaikwepa serikali. Anamla mtoto aliye kidato cha nne hivi sasa ambaye hamjui kwa jina. Huyo ni jamaa wa mweka hazina wetu, na ng'ombe wa mtu anauzwa mahali fulani kwa sababu yake. Lakini aliyehitimu na kuzunguka na vyeti vyake miaka mitano bila ya kupata kazi ni mtu mwingine kabisa. Anachohitaji ni muda, si aibu. Hekima ni kuwatofautisha hao wawili, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mkali wala na mpole. Inahitaji mtu atakayekaa chini aulize na asikilize.

Tena nafasi ya pili haiji bila ya mtu kuigharamia. Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, hakumwandikia mwenye nyumba kwamba asahau yaliyopita. Alimwandikia kwamba, ikiwa Onesimo alimdhulumu au anawiwa kitu, hesabu hiyo iandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalipa. Na akalithibitisha hilo kwa mwandiko wa mkono wake mwenyewe. Walimu walio wanachama wa vyama vya ushirika vya akiba na mikopo wanajua vizuri kitendo hicho kinaitwaje. Paulo alijiandika mdhamini. Na wanajua kinavyouma, kwani miongoni mwao wapo waliokatwa mishahara kwa sababu ya mwenzao aliyehama akazima simu. Kumpa mtu nafasi ya pili ni kutia sahihi katika fomu yake. Anayesema kwamba fulani asamehewe na apewe tena kazi ya fedha, aulizwe kwa upole kama yuko tayari kuwa mdhamini wake. Jibu lake litatuonyesha kama anazungumza kwa imani au kwa mdomo tu.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tunaokabidhi. Tunaomba kila siku tusitiwe majaribuni, kisha tunamchukua ndugu yetu mwenye watoto watano na mshahara mdogo, tunampa kisanduku, ufunguo na daftari, na kwa mwaka mzima hatumwulizi neno, ati kwa kuwa tunamwamini. Kufanya hivyo ni kumtelekeza tu. Paulo alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake, ijapokuwa alikuwa mtume. Aliwaeleza Wakorintho kwamba ndugu waliochaguliwa na makanisa watafuatana na fedha hizo, ili asiwepo wa kumlaumu, na ili mambo yawe mema mbele za Mungu na mbele za watu pia. Ikiwa mtume hakuona haya kusindikizwa, mweka hazina wa kwaya ya akina mama ataonaje kwamba ametukanwa akiombwa kuisoma taarifa ya M-Pesa mbele ya wanachama kila mwezi? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sahihi mbili kwa kila hundi, hesabu inayosomwa hadharani, na zamu ya miaka miwili kwa kila mwenye ufunguo ni mambo ya kumlinda mwaminifu abaki mwaminifu.

Walimu wenzangu, mambo haya huanzia darasani. Kiranja aliyekusanya fedha za safari ya wanafunzi, akala shilingi 500 humo, yuko mbele yenu kila muhula. Mwaweza kumsimamisha kwenye gwaride na kumtangaza mwizi, naye akajifunza kwamba jina likishaharibika hakuna haja ya kulitunza. Mwaweza kumfichia ili shule isiaibike, naye akajifunza kwamba amana ni mchezo. Au mwaweza kumwita kando, mkamsikiliza, mkamwacha arudishe shilingi 20 kila wiki kwa wenzake aliowala, hadi ya mwisho. Kisha, siku moja, mkampa shilingi 50 akawanunulie chaki, mkangoja arudi na chenji.

Siku atakapoiweka ile chenji mezani bila ya kuulizwa, ihesabuni mbele yake, mmshukuru, mmpe kazi nyingine iliyo kubwa kidogo kuliko hiyo.